Damu ya Bi Zamzam na Papasi wa Tabora

Bi Zamzam binti Pazi wa Mtaa wa Mchikichi hakuwa mtu wa kushindwa. Hata jogoo akiwahi kuwika, yeye humjibu toka jikoni, "Umechelewa, mie nimeshawasha moto." Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, uwani jiko na choo. Kuta za miti na udongo, sakafu ya udongo uliopigwa ukapigika, na juu bati. Hilo bati ndilo lililomtia kiburi. Alilipata wakati majirani wote wamelala chini ya makuti, na tangu hapo mvua ikinyesha hutoka barazani akawauliza kwa sauti ya huruma, "Jamani, mmelowa?"

Riziki yake ilikuwa mbaazi za nazi. Alfajiri hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akakamua kwa kifumbu, tui la kwanza mbali, la pili mbali, la tatu mbali, na jua likichomoza wachukuzi wa soko la Kariakoo wameshajipanga na bakuli zao. Anayesema mbaazi zina chumvi hapewi tena. Anayenyamaza huulizwa, "Mbona husifu?"

Mwaka huo, ambao watu walikuwa wamechoka na habari za vita ya Mjerumani na wameanza habari nyingine, mjukuu wake Sitara alichumbiwa. Sitara alilelewa na Bi Zamzam tangu hajaota meno. Mchumba alikuwa Shomari, fundi wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, kijana mpole. Mahari yalikubaliwa, siku ikapangwa, ikabaki jambo moja tu: wazee wa bwana harusi watakuja na garimoshi wakiongozwa na bibi yake, Bi Nyamizi, na mila ni mila, wageni hao sharti walale chini ya paa la aliyemlea bibi harusi. Wakilala kwingine, basi mlezi ni mlezi wa jina.

Sasa Sitara alikuwa na shangazi Ilala, mwenye nyumba ya sakafu ya saruji, na mdomo wake pia wa saruji. Huyo kila akija husema, "Mama, wageni wa heshima tuwaweke kwangu. Kwako hapa wataumwa na vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu vya udongoni, mama."

"Nyumba yangu haina kitu cha udongoni ila udongo," Bi Zamzam humjibu. "Wageni wakilala Ilala, siku ya harusi mie navaa kaniki, nakaa barazani nalia, watu wadhani maiti imo ndani."

Na alikuwa hatanii. Kwake yeye, harusi yenyewe ilikuwa hiyo: Bi Nyamizi aamke kitandani kwake asubuhi, aseme nimelala salama. Mengine yote ni pilau tu.

Basi mambo yakaharibiwa na Mchaga wa vitunguu.

Alikuwa mpangaji wake, jina lake Elisaria, kijana wa Machame aliyeuza vitunguu sokoni. Hakuwa na muda mrefu humo ndani. Siku moja akashikwa na homa, akalala akitetemeka mpaka kitanda cha kamba kikawa kinaimba. Zikapita siku chache, homa ikatoka, akaamka, akala mbaazi bakuli tatu, akaenda sokoni. Bi Zamzam akajisifu mtaa mzima kwamba mbaazi zake ni dawa. Wiki haijaisha, Elisaria chini tena. Akaamka tena. Akaanguka tena. Wachukuzi wakaanza kusema, "Bibi, dawa yako hii inatibu kwa zamu."

Wenzake wakambeba wakampeleka zahanati. Siku ya pili yake, mtu akapiga hodi.

Alikuwa kijana mwembamba mwenye kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, na kisanduku mkononi. "Hodi hapa! Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni mbaazi zimekwisha."

"Sikujia mbaazi. Mimi naitwa Filbert, bwana maabara. Nimekuja kwa ajili ya papasi."

Wanawake waliokuwa wakisukana baraza ya jirani mikono yao ikasimama hewani. Bi Zamzam akamkamata Filbert ukosi, akamvuta ndani, akafunga mlango.

"Wewe mtoto! Neno kama hilo husemwa barabarani? Mamako hakukufunza?"

"Bibi, nisamehe. Lakini Elisaria ana homa ya papasi. Nimetazama damu yake kwa darubini, vijidudu vimejaa, vimejisokota kama nyuzi za mshonaji mvivu."

"Vitakuwa vimetoka kwao Machame hivyo."

"Vinaambukizwa na papasi, bibi, wale wadudu wanaokaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Mchana huwaoni, taa ikizimwa wanatoka. Sasa daktari anataka kujua: aliumwa humu, au aliumwa njiani? Maana Elisaria anasema alipokuja mjini alilala Korogwe, nyumba ya wasafiri."

Bi Zamzam akapiga makofi. "Korogwe! Umesikia mwenyewe. Kamwambie daktari Korogwe, na maji ya kunywa nitakupa uende zako."

"Hatuwezi kubahatisha. Kama ni humu, wapangaji wote watatoka nje, sakafu itachimbwa, itamwagwa dawa ya unga, ipigwe upya."

"Nina wageni wa harusi wanakuja kesho kutwa!"

"Ndiyo maana tupime mapema." Filbert akakaa juu ya kigoda, akaeleza kwa upole. Mtu akiumwa na papasi, damu yake hujifunza. Inatengeneza askari wake wa kuwakamata wale vijidudu, na askari hao hubaki damuni hata homa ikishapita. Maabara wanachukua maji ya damu ya mtu, wanayachanganya na vijidudu vilivyokwisha kufa. Damu isiyowajua inawaacha wapite. Damu inayowajua inawakamata, wanagandana vipande vipande, jicho linaona. "Kwa hiyo tukimpima mtu aliyelala nyumba hii miaka mingi kuliko wote, damu yake itasema kama humu kuna papasi au hakuna."

"Aliyelala humu kuliko wote ni mie," alisema Bi Zamzam akikunja mkono wa gauni. "Chukua. Mie tangu enzi za Mdachi sijaugua hata kichwa. Wapangaji wanakuja wanaugua, wanahama, mie nipo vilevile."

Filbert akamtazama. "Bibi, hapo hasa ndipo penye shaka yangu."

"Chukua damu, wacha maneno."

Akampiga sindano. Bi Zamzam aligeuza uso ukutani muda wote, si kwa woga, alikuwa anakagua ukuta. Damu ilipojaa akasema, "Basi! Nyingine niachie, nina harusi." Kisha akaona Filbert anafunga kisanduku anataka kuondoka nayo.

"Unakwenda nayo wapi?"

"Maabara, bibi."

"Peke yenu? Uichanganye na ya Mchaga huko, halafu uniletee majibu ya vitunguu? Ngoja nivae baibui."

Wakaongozana, Filbert mbele na kisanduku, Bi Zamzam nyuma yake hatua moja, macho hayabanduki. Wakapita Mnazi Mmoja, wakashika njia ya kuelekea baharini mpaka maabara. Pale mlangoni askari akamzuia, akamwuliza ana shida gani. Akamjibu, "Damu yangu imo ndani. Mie na damu yangu hatujawahi kulala mbalimbali." Yule askari hakuwa na kanuni ya jambo hilo, akamwacha apite.

Damu ilisimamishwa katika kichupa mpaka ikaganda chini, na juu yakajitenga maji ya rangi ya manjano.

"Umeiharibu!" alisema Bi Zamzam. "Mie nilikupa damu nyekundu."

"Hayo ndiyo maji ya damu, bibi. Askari wamo humo."

Halafu Filbert akapanga vichupa vyembamba safu moja kwenye kibao. Akatia maji ya damu katika cha kwanza, akayazimua kwa maji ya chumvi, akachota nusu akatia cha pili, akazimua, akachota nusu akatia cha tatu, akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Bi Zamzam roho ikamruka.

"Unazimua damu yangu! Kama mchuuzi wa maziwa anayejazia maji ya bomba!"

"Lazima tuizimue ili tuipime nguvu. Damu dhaifu inawakamata vijidudu kichupa cha kwanza, labda cha pili, basi imechoka. Damu yenye nguvu inawakamata hata ikizimuliwa mara nyingi."

Bi Zamzam akatazama ile safu. Hilo sasa alilijua, angeweza hata kumfundisha. "Ala! Kumbe tui. La kwanza, la pili, la tatu. Nazi kavu nzuri hata la tatu lina mafuta, na koroma hata la kwanza ni maji matupu."

"Ndivyo hasa, bibi."

"Na likikatika?"

"Tukiona imegandana kama tui lililokatika, basi damu inawajua papasi."

Akatia vijidudu vilivyokufa katika kila kichupa, akaviweka vyote kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, akasema majibu mpaka kesho. Hapo Bi Zamzam akaingiwa na shida asiyoitarajia. Damu isikatike, nyumba ipone, wageni walale. Sawa. Lakini isipokatika hata kimoja, si itakuwa damu ya koroma? Yeye, binti Pazi, damu ya koroma? Alikwenda mpaka mlangoni akarudi.

"Filbert, mwanangu. Haiwezekani ikawa na nguvu, lakini isiseme?"

"Haiwezekani, bibi."

"Basi isiseme," alisema kwa shingo upande, akaenda zake.

Kesho yake mchana wageni walifika, maana walipata garimoshi la mapema. Bi Zamzam alikuwa bado na unga mikononi alipowaona wanashuka kwenye mkokoteni mbele ya baraza. Wazee wa kiume wawili, wanawake kadhaa, na katikati yao kizee kidogo kilichojifunga kanga mbili, mkono mmoja umebana kikopo cha ugoro kifuani. Huyo ndiye Bi Nyamizi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, kwa hiyo hakuna aliyeanza kwa salamu.

"Nani huyu mpagazi anayekanyaga baraza yangu na miguu ya vumbi?" aliuliza Bi Zamzam.

"Mimi bwana wako, Mzaramo," alijibu Bi Nyamizi. "Nimekuja kukuona kama bado unakula nazi na maganda yake. Naona mjukuu wangu anaoa kwa watumwa wangu, sasa nani atapika?"

"Tua kwanza mzigo uliozaliwa nao kichwani, ndipo uulize chakula."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, wakakaribishwa. Bi Nyamizi alitua kila kitu ila kile kikopo. Akaanza kuikagua nyumba, na Bi Zamzam nyuma yake moyo juu. Kizee kikagonga ukuta, kikainama kikachungulia mvunguni, kikakwaruza sakafu kwa kidole gumba cha mguu.

"Hii udongo?"

"Udongo. Lakini umepigwa na mafundi."

"Nyufa zipo, naona."

"Nyufa za mapambo tu!" alisema Bi Zamzam haraka. "Nyumba hii haina mdudu. Si kunguni, si papasi. Hata mmoja."

Bi Nyamizi akanywea ghafla. "Hata mmoja?"

"Naapa. Hata mmoja!"

"Mh," alisema Bi Nyamizi, akakibana kikopo chake zaidi. Bi Zamzam akajua amemdharau, hakuamini. Na kwenye mkeka shangazi wa Ilala alikuwa amekwisha kukaa, anatabasamu kama paka aliyesikia kifuniko cha chungu.

Pilau ikapakuliwa. Watu hawajamaliza tonge la pili, hodi. Filbert.

"Shikamooni. Bibi, nimeleta ma—"

"Pilau!" alisema Bi Zamzam. "Kaa ule pilau, mwanangu, umekonda." Akamkalisha, akamjazia sahani. Filbert akala kwa adabu, akanawa, akafungua mdomo. Bi Zamzam akamjazia nyingine. Akajaribu kusema akiwa anatafuna, akatiwa paja la kuku mkononi. Sahani ya tatu ilipofika Filbert alikuwa anapumua kwa pua tu, macho yanamtoka.

"Huyu kijana wa nani?" aliuliza Bi Nyamizi. "Na mbona mnamlisha kama bata wa Idi?"

"Ni mgonjwa," alisema Bi Zamzam.

"Mimi bwana maabara!" Filbert alitoa sauti pale alipopata nafasi ya kumeza. "Nimeleta majibu ya damu ya bibi."

Elisaria, aliyekuwa ameruhusiwa toka zahanati baada ya kudungwa sindano na sasa yuko pembeni anakula kwa wiki zote alizougua, akaacha tonge njiani. Shangazi wa Ilala akajivuta mbele. "Damu? Damu ya mama imepimwa nini?"

Bi Zamzam akaona hakuna pa kutorokea. Akajinyoosha. "Sema basi. Sema, wasije wakadhani nina la kuficha."

Filbert akasimama, tumbo mbele. "Bibi, damu yako imekatika kichupa cha kwanza. Imekatika cha pili. Imekatika cha tatu. Imekatika mpaka cha mwisho, kibao kimekwisha yenyewe bado ina nguvu. Tangu nianze kazi sijaona. Daktari aliitwa aje aone, akaacha chai yake."

Bi Zamzam akasahau kila kitu. Kifua kikamjaa, akawageukia wageni. "Mmesikia? Mpaka cha mwisho! Daktari kaacha chai! Tui la saba hilo, na bado zito!" Sitara, toka chumbani alikofichwa kama bibi harusi, akapiga kigelegele bila kujua ni cha nini.

"Maana yake nini?" aliuliza shangazi.

"Maana yake," alisema Filbert, "papasi wa nyumba hii wamemla bibi miaka na miaka. Yeye ameshazoea, haugui. Lakini mgeni akilala humu atapata homa kama Elisaria. Nyumba imejaa papasi."

Kigelegele cha Sitara kikafia kooni.

Shangazi wa Ilala ndiye aliyesimama kwanza. "Nilisema! Nilisema mimi! Wazee wangu, chukueni mizigo, twendeni Ilala. Mkokoteni uko nje."

Wale wazee wawili wakaanza kutafuta viatu. Bi Zamzam alitazama mikono yake yenye harufu ya nazi. Miaka yote ya kumwogesha Sitara, ya kumwuguza, ya kumfundisha kukuna nazi, na harusi inakwenda kulala kwa mwenye saruji.

Bi Nyamizi akainuka polepole. Akafunga kanga yake kiunoni, akaja mpaka mbele yake.

"Wewe Mzaramo. Uliniambia humu kuna papasi wangapi?"

"Hata mmoja," alisema Bi Zamzam chini chini.

"Uliniapia?"

"Nilikuapia."

"Mwongo mkubwa wewe! Umenitoa roho bure! Mimi nakaa hapa nalia moyoni, nasema nitalalaje nyumba haina hata mmoja, kumbe wamo!" Akafungua kikopo cha ugoro, akakiinamisha mbele ya watu. Ndani hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na mchanga mkavu, na ndani ya mchanga vitu vya rangi ya udongo vikaanza kujikokota.

Elisaria aliruka juu ya kinu. Shangazi akapanda juu ya mizigo ya wageni. Filbert, kwa zile sahani tatu, hakuweza kuruka, akabaki kaduwaa.

"Papasi wangu wa Tabora," alisema Bi Nyamizi kwa fahari. "Kwetu mtu akisafiri huchukua wa kwao. Ukikaa siku nyingi bila kuumwa, mwili unasahau, na ukirudi nyumbani wanakulaza kama mgeni. Mjukuu wangu alisahau kuchukua alipokuja kazini, aliporudi likizo tulimzika nusu. Mimi najiwekea mkononi mmoja au wawili jioni, nalala raha."

"Bibi!" Filbert alipata sauti. "Umewapandisha papasi kwenye garimoshi?"

"Daraja la tatu."

"Wakitoroka?"

"Wana adabu kuliko wewe."

Shangazi, toka juu ya mizigo, akajaribu mara ya mwisho. "Bibi Nyamizi, twende kwangu Ilala. Kwangu ni saruji tupu, safi."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, wallahi!"

"Basi nenda ukalale na saruji yako," alisema Bi Nyamizi. "Mimi nalala hapa." Kisha akamgeukia Filbert, akanyoosha mkono mwembamba kama fimbo ya mchungaji. "Na wewe toa hilo sindano lako. Haiwezekani mtumwa wangu anipite damu. Nipime."

Filbert akaona upenyo, akapenya. Atapima, akasema, lakini kwa sharti: kikopo akichukue akakiunguze, na nyumba ichimbwe leo hii, itiwe dawa. Bi Nyamizi akakivutia kikopo nyuma. Bi Zamzam akajivutia sakafu yake, maana yake alikaa chini akaishika kwa viganja viwili.

"Hamtaki?" alisema Filbert. "Sawa. Basi itaandikwa tu kwamba damu ya Bi Zamzam ndiyo ya kwanza, na ya Tabora haikujulikana."

Kikopo kikatoka hapohapo. Na Bi Zamzam, alipoona mwenzake ametoa chake mbele za watu, akaona aibu kushikilia nyufa. "Chimbeni," alisema. "Lakini wageni wangu hawaendi popote. Uwani kwangu ni kwangu vilevile."

Mchana ule ule wakaja watu wa afya na majembe na mabomba ya unga. Vitanda vikatolewa uwani, turubai la kukodi likatandwa toka ukuta wa jiko mpaka mti wa mstafeli, na watu wa Tabora wote wakalala hapo, vichwa huku miguu huku. Bi Nyamizi na Bi Zamzam wakapewa kitanda kimoja kikubwa, wakagombania shuka. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa unachungulia juu ya ua kusikia neno litakalotoka. Bi Nyamizi akajinyoosha, akapiga mwayo.

"Nimelala salama," alisema, "ijapokuwa mwenzangu anakoroma kama kinu cha mafuta."

Bi Zamzam akatoka barazani kulitangaza neno hilo kwa kila mchukuzi aliyefika na bakuli, ila lile la kukoroma hakulisema.

Siku ya ndoa yenyewe, shehe yuko njiani, Filbert akafika. Safari hii alikuwa amepanga safu mbili za vichupa, ndefu maradufu, ya Bi Zamzam na ya Bi Nyamizi, zikazimuliwa sawasawa. Wachukuzi walikuwa wamekwisha kugawanyika, wengine wa Uzaramo, wengine wa Tabora, na Mchaga wa vitunguu, aliyeulizwa yeye yuko wapi, alisema yeye ni mgonjwa hana upande.

"Zote mbili zina nguvu ya ajabu," alisema Filbert. "Ila ya Bi Zamzam imekatika kichupa kimoja zaidi."

Hapo vigelegele vilipanda mpaka kunguru wa sokoni wakaruka. Bi Zamzam alizunguka uwani anatembea kwa maringo, anawapungia watu mkono kama yeye ndiye anayeolewa. Bi Nyamizi alingoja vitulie.

"Si haki," alisema. "Papasi wangu wamesafiri siku mbili na garimoshi, wametikiswa, hawakula vizuri. Wa kwake wamekaa nyumbani wananenepa. Pima tena baada ya wiki mbili, nimepumzika."

"Bibi, baada ya wiki mbili haitapanda," alisema Filbert. "Papasi wenyewe hawapo tena. Itakuwa inashuka kidogo kidogo."

"Na yake itashuka?"

"Na yake."

"Ahaa." Bi Nyamizi akakaa chini, akavua ndara zake, akazipanga vizuri kando ya jiko. "Basi nitangoja hapahapa tuone ya nani itakuwa ya mwisho kushuka."

Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, Sitara akaenda kwa mumewe, na wale wazee wawili wakarudi Tabora na garimoshi lao. Bi Nyamizi hakurudi. Mwezi ukaisha, yupo. Sakafu mpya ikakauka, wapangaji wakarudi, Elisaria akarudi na vitunguu vyake, yupo. Filbert alikuwa akipita mara kwa mara na kisanduku, anawachoma wote wawili na kuondoka mbio kabla hawajaanza kumwuliza. Kila akirudi husema zimeshuka sawa, na kila akisema hivyo huitwa mwongo kwa sauti mbili.

"Wewe huna kwako?" Bi Zamzam alimwuliza siku moja, wako jikoni, yeye anakamua tui, Bi Nyamizi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi vibaya, vipande vinaruka kila upande.

"Ulitaka nilale kwako, hukutaka?"

"Nilitaka! Siku mbili, tatu!"

"Ungesema," alijibu Bi Nyamizi, akaokota kipande kingine cha nazi. "Sogeza kifumbu, Mzaramo, tui linamwagika."